Shikamoo Isiyoitikiwa

Jumatatu saa tatu asubuhi Mboni alikuwa amelala chali kwenye jamvi, pakiti mbili za chumvi zikiwa juu ya kifua chake, akisema neno "mama" kwa mara ya thelathini na tano. Pakiti zikitikisika anaanza upya. Bi Vasanti alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango akipepeta mchele, wala hakuinua macho, lakini kila pakiti zilipotikisika aligonga ungo kwa ukucha.

Ghala hilo la mjini Lindi zamani lilikuwa la ufuta. Lilikuwa la babu yake Bi Vasanti, aliyetoka Gujarat na mizani moja mkononi na michezo kumi na miwili kichwani. Mizani iliibwa mwaka wa kwanza. Michezo haikuibika. Ilihamia kwa baba, kisha kwa binti, ikageuka Kiswahili njiani, na sasa ilikuwa mikononi mwa watu watano ambao siku nyingine waliuza samaki wa kukaanga au kupinda nguo za watu kwa cherehani. Bi Vasanti alikuwa na miaka sabini na mitatu, kazaliwa mtaa huohuo, na Kiswahili kilipomwishia alitukana kwa Kimwera.

Michezo yenyewe ilikuwa ya kusema. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na mapanga ya mbao. Sauti, alifundisha Bi Vasanti, ina vyumba vitatu. Aliye karibu unamsemesha kutoka kifuani. Aliye ng'ambo ya ua unamsemesha kutoka kooni. Aliye mbali unamwita kutoka kichwani, na hapo usilazimishe, iache ipande yenyewe. Hayo mtu aliweza kuyashika kwa mwaka mmoja. Kilichochukua miaka ni adabu, maana adabu zilikuwa nyingi kuliko maneno.

Ukipanda jukwaani unavua viatu, unagusa sakafu kwa ncha za vidole. Sheikh wa mtaa aliulizwa juu ya hilo, akafikiri wiki nzima, akasema kugusa si kusujudu. Benedicto, mpangaji wa jukwaa, aliongeza na ishara ya msalaba kwa upande wake. Hadhira haisemi neno wala haipigi ukelele mpaka mchezo uishe. Aliyeko jukwaani hasikii chochote mpaka aitwe kwa cheo chake naye aitikie. Hata umpigie kelele sikioni, kama hajaitwa akaitikia, hajasikia. Na jukwaani hakuna kuua. Kifo hakichezwi, kinaletwa na tarishi, naye hukisimulia.

"Ukikicheza ni uongo, watu wanarudi kwao wakavu," alisema Bi Vasanti. "Ukikisimulia sawasawa kinafika."

Kufika ni kufika. Mwaka juzi kule Kilangala mwenzao Stefania alisimulia jinsi mfalme alivyoungua mkono kwa mafuta ya moto, na wanawake wa mikeka ya mbele wakatoka malengelenge kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko. Walipakwa asali. Kesho yake walirudi kusikiliza sehemu ya pili, na waliwahi ili wasinyang'anywe nafasi zao. Ndiyo maana hakuna tarishi aliyeruhusiwa kusimulia kifo kabla ya miaka saba ya kujifunza. Na akishaanza haruhusiwi kukatiza, kwa kuwa pigo lisilosemwa halirudi lilikotoka. Linabaki kwa msemaji.

Mboni alikuwa mwaka wa nane, na kifo cha kusimulia alikuwa nacho.

Kilikuwa cha kaka yake, Nassibu, mkulima wa korosho kijijini Namtamba, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kupita Rutamba. Miaka miwili nyuma Nassibu alisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza nani ametia saini msitu wa kijiji ukatwe. Aliambiwa akae. Jirani alimvuta shati, mjomba wake alimkanyaga mguu. Akauliza tena. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwenyekiti Abilahi akasema swali ni zuri, litajibiwa ofisini.

Nassibu alikwenda ofisini siku ya Alhamisi baada ya adhuhuri, kwa miguu yake, amevaa shati safi. Ndani walikuwepo mgambo wawili, Cletus na Dominick, na mipini mipya ya majembe iliyoletwa kwa ajili ya siku ya kupanda miti. Walipumzika mara moja, kunywa maji. Mwenyekiti alikuwa mezani, akigonga mihuri kwenye barua nyingine. Dirisha la ofisi halikuwa na kioo, kwa hiyo kijiji kizima kilisikia, na kijiji kizima kilikumbuka ghafla kwamba kuna kazi shambani.

Jioni Nassibu alikutwa chini ya mkorosho. Iliandikwa kwamba ameanguka kutoka juu ya mti. Mkorosho wenyewe ulikuwa na matawi yaliyolala chini kiasi kwamba mbuzi walipanda wakila majani. Mjomba aliyemwosha maiti alimweleza Mboni kwa utaratibu, pigo moja baada ya jingine, kwa sababu mtu mmoja angalau alipaswa kujua: vidole vya mkono wa kulia, meno, mtulinga, mbavu, goti, kisha kisogo. Msibani Mwenyekiti Abilahi alileta gunia la mchele, akainamisha kichwa, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama yao, Bi Sauda, aliupika mchele huo, kwa kuwa waombolezaji walikuwa wengi na njaa haina msiba.

Mwezi wa kumi kijiji kilipomaliza kujenga ofisi mpya, barua ya mwaliko ilifika Lindi: kikundi kije kuburudisha siku ya ufunguzi. Mboni alikubali kabla Bi Vasanti hajamaliza kuisoma.

"Unataka kumsimulia nani?" aliuliza Bi Vasanti.

"Mwenyekiti. Na wale wawili."

"Pigo kwa pigo?"

"Pigo kwa pigo, Mwalimu. La mwisho nitalisema taratibu."

Bi Vasanti alikunja barua, akaitia chini ya ungo. "Adabu unazijua."

"Nazijua."

Alizijua kweli, na hilo ndilo linalouma.

Siku ya ufunguzi jua la Oktoba lilikuwa kali. Turubai la wageni rasmi lilipasuliwa na upepo asubuhi, likabaki kamba na vyuma. Mahali pekee penye kivuli palikuwa baraza la ghala la korosho, nalo ndilo kikundi kilipewa liwe jukwaa. Katibu wa kijiji alimfuata Benedicto akaomba meza kuu ipandishwe huko, pembeni, isiwasumbue. Benedicto akamuuliza Mboni, maana Bi Vasanti alikuwa bado njiani, bajaji yake imepata pancha.

Mboni alipima kwa macho. Abilahi angekaa hatua tatu kutoka kwake, na hatua tatu ni sauti ya kifuani. Miaka miwili alikuwa ameota kumwona mtu huyo kwa karibu namna hiyo.

"Wapandishe," alisema. "Afadhali wawe karibu."

Meza ilipandishwa, na kitambaa cheupe, maua ya plastiki, maji ya chupa na sahani ya korosho. Mwenyekiti Abilahi alipanda. Nyuma yake alipanda mkubwa mmoja kutoka mjini, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza mambo kama lile la Nassibu. Cletus na Dominick walipanda na sare zao wakasimama nyuma ya viti. Benedicto aliwaomba wavue viatu, wakavua. Aliwaomba waguse sakafu kwa vidole, wakagusa. Watu wa Namtamba wana heshima.

Bi Vasanti alifika dua ya ufunguzi imeshaanza, ile ya kuwaombea wenyeji mvua na watoto. Alikaa kwenye mkeka wa mbele kando ya Bi Sauda, akainua macho, akaiona meza ilipo. Alifungua mdomo. Lakini hadhira haisemi, na adabu hiyo aliifundisha yeye, kwa hiyo aliufunga.

Walicheza kwanza mchezo wa mfalme na wakwe zake wawili. Watu walicheka kwa mabega. Kisha Stefania, aliyekuwa mfalme, alisema kama mchezo unavyotaka, "Naona tarishi anakuja, na mwendo wake si wa habari njema," akatoka. Mboni akaingia, akasimama katikati, akavuta pumzi mpaka zilipofika pale ambapo pakiti za chumvi zilikuwa zikikaa.

"Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, mtu mmoja aliingia ofisini kwa miguu yake. Jina lake Nassibu. Mlango ulifungwa. Mpini wa kwanza ulishuka kwenye mkono wake wa kulia."

Kwenye mikeka vidole vilivunjika. Walikuwepo watu kama mia mbili, na mlio ulikuwa kama wa mtu anayevunja kuni za mhogo kwa goti. Hakuna aliyelia. Waliiweka mikono ya kulia mapajani wakaishika kwa ya kushoto, macho mbele, kama watu waliolelewa. Bi Sauda alivitazama vidole vyake, vilivyokuwa vimeelekea pande mbalimbali, kisha akavifunika kwa upindo wa kanga.

"Wa pili ulikuwa wa mdomoni."

Wanawake walitema meno kiganjani na kuyafunga kwenye ncha ya kanga, kila mtu ya kwake, yasije yakachanganyika na ya jirani. Mzee mmoja asiye na meno alitoka damu tu ya ufizi, akashukuru kimoyomoyo. Damu ilishuka kwenye mashati ya sikukuu. Mboni akageuka sasa, kwa mara ya kwanza, autazame mdomo wa Mwenyekiti.

Abilahi alikuwa anatafuna korosho. Meno yake yalikuwa yote. Cletus alijikuna sikio kwa mkono wa kulia, vidole vitano vimenyooka. Mkubwa wa kutoka mjini alikuwa akiandika ujumbe kwenye simu.

Mboni alielewa. Walikuwa jukwaani. Walivua viatu, waligusa sakafu, hakuna aliyewaita. Hawakuwa hadhira, na hakuna neno alilosema lililokuwa limewafikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema wapandishwe.

Tarishi haruhusiwi kukatiza. "Wa tatu, kwenye mtulinga," alisema, akijaribu kulisema kwa upole, lakini sauti iliyofundishwa miaka minane haijui upole, na mabega ya watu mia mbili yalishuka upande mmoja. "Wa nne, mbavuni. Cletus ndiye aliyeupiga, na alirudi nyuma kwanza apate nafasi." Mikeka ikahema. Mjomba aliyeosha maiti alikohoa damu kwenye kofia yake, akaikunja vizuri asichafue mkeka wa watu.

Katikati ya habari tarishi anaruhusiwa jambo moja tu: kumwita aliyeko jukwaani. Amwite kwa cheo, na kwa salamu inayomstahili. Tangu msiba Mboni hakuwahi kumsalimia Abilahi. Alikuwa akimwona njiani anakata kupitia kwenye mihogo ya watu. Sasa alipiga magoti, mbele ya mama yake na kijiji chote, na ilimuuma kuliko kitu chochote alichokuwa amekisimulia.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema kutoka kifuani.

Abilahi aliacha kutafuna. Alimtazama Mboni, kisha akaitazama mikeka, mikono ile, damu ile, mabega yaliyoshuka. Hakuwa mjinga. Mama yake alikuwa mtu wa Lindi mjini, na utotoni alikaa kwenye mkeka wa mbele akimsikiliza baba yake Bi Vasanti, na siku moja akatoka hapo nyusi imepasuka. Neno moja lilikuwa linasubiriwa kwake na alijua litakuja na nini. Alifungua chupa ya maji.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti," kutoka kooni. Mtu aliyekuwa akipita barabarani na baiskeli, ng'ambo ya uwanja, alijibu marahaba na kuendelea na safari yake.

Abilahi alikunywa.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti." Hii ilitoka kichwani, ikapanda yenyewe. Kule Rutamba bibi mmoja aliyekuwa akikinga maji bombani alisema, "Marahaba, mwanangu," akatazama huku na huku, asione mtu, akajitwika ndoo.

Abilahi alifunga kizibo na kuiweka chupa mezani, kwa uangalifu, isilowanishe kitambaa.

"Wa tano," alisema Mboni akiwa bado amepiga magoti, "kwenye goti." Waliokuwa wamekaa hawakuanguka. Mlio tu ulisikika. Kulikuwa kumebaki pigo moja.

La sita ndilo lililomuua. Lilikuwa la Dominick, kwa nyuma, Nassibu akiwa anajaribu kusimama ili ajibu swali aliloulizwa. Mboni alikuwa amelifanyia mazoezi hilo moja miezi mitano, tangu kabla ya mwaliko, kwa chumvi pakiti nne. Aliitazama hadhira. Bi Sauda alikuwa ameshavua kanga ya kichwani kwa mkono wake mzima, ameinama, kisogo wazi, anasubiri. Alitaka kufikiwa. Miaka miwili alitaka kujua mwanawe alisikia nini. Kando yake Bi Vasanti naye alikuwa ameinama, kwa sababu habari iliyoanza huisha, na nyuma yao, mkeka baada ya mkeka, watu walikuwa wakiinama mmoja mmoja.

Mboni alimchukia Abilahi wakati huo kuliko siku ya mazishi. Pigo lilikuwa limeshafika ulimini, zito, lina ladha ya mti mbichi. Akafunga mdomo akalimeza.

Liliteremka mpaka kooni likakwama chini ya taya, nene kama kichwa cha mpini. Nyuma ya kichwa ngozi ilimpasuka kidogo, damu ikaingia kwenye ukosi. Aligusa sakafu kwa ncha za vidole, kama inavyotakiwa, akatoka. Watu walipiga makofi kwa mkono wa kushoto juu ya paja. Mkubwa kutoka mjini alisimama akasema utamaduni ni lulu ya taifa, na kwamba amefurahi hakuna malalamiko aliyoyasikia.

Zahanati ilifanya kazi siku tatu mfululizo. Kwa kuwa lazima sababu iandikwe, wote mia mbili waliandikwa kuwa wameanguka kutoka juu ya mkorosho.

Hasira ilikuja baada ya hapo, na ilikuwa kubwa. Namtamba nzima ilikasirika. Visimani, msikitini, kigangoni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, watu walikuwa na habari moja tu midomoni mwao, kwa wale ambao midomo ilikuwa imeshapona: Mwenyekiti kapewa shikamoo mara tatu, na mtoto wa kike, amepiga magoti, naye kanyamaza anakunywa maji. Jambo kama hilo halijawahi kutokea. Wengine walisema watamkataa uchaguzi ujao. Wazee waliketi, mikono kwenye vitambaa vya shingoni, wakamwita. Abilahi hakubisha. Alisema ameteleza. Alitozwa jogoo, na akaamriwa ampeleke mwenyewe nyumbani kwa Bi Sauda na kuitikia salamu mbele ya mashahidi.

Alikwenda Ijumaa baada ya sala. Dominick alimbebea jogoo. Uani walikuwa wamejaa watu, wamefungwa plasta na vijiti, nyuso zao zikiwa na amani ya watu ambao haki inatendeka mbele yao.

"Marahaba, mwanangu," alisema Abilahi. "Marahaba. Marahaba."

Mboni alimtazama Bi Vasanti, aliyekuwa amelala hapo tangu siku ile kwa sababu ya goti. Bi Vasanti alitikisa kichwa.

"Huku chini ni salamu tu," alisema kwa sauti ya kifuani, amsikie yeye peke yake.

Mboni alifungua mdomo hata hivyo. Haikutoka sauti. Tangu siku ya ufunguzi ilikuwa haijatoka, na haikutoka tena. Mzee aliyeongoza shauri alimsubiri kwa heshima, kisha akawageukia wenzake akasema, mwanamke akinyamaza karidhia, na jambo likaisha.

Jogoo alikuwa mnono. Walimchinja, wakamuunga kwa nazi. Abilahi aliombwa akae ale, kwani mgeni hafukuzwi chakula kikiwa motoni. Wengine walikula kwa vijiko, kwa mkono wa kushoto, wakiombana radhi kila tonge. Yeye peke yake alinawa mkono wa kulia akala kama watu wanavyokula. Aliusifu mchuzi. Alimuuliza Bi Sauda kama nazi ni za shambani kwake, na Bi Sauda akajibu kuwa ndiyo, Mwenyekiti, za shamba alilolima Nassibu.

Firigisi aliwekewa Abilahi, kama desturi. Aliitazama, akaichukua kwa vidole vyake vitatu, akanyoosha mkono akaiweka kwenye sahani ya Mboni. Watu walinong'ona kwamba huo ndio uongozi. Bi Sauda alimtazama binti yake kwa muda, kisha akamsogezea maji. Mboni alitafuna sana, alitafuna mpaka wenzake wakamaliza kula na vyombo vikaondolewa, kwa sababu nafasi iliyokuwa imebaki kooni ilikuwa ndogo, na nyama ilibidi ipite pembeni.